Korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, imesimama mara tatu leo

Kiwanda kimoja cha mkonge huku Tanga. Wiki iliyopita orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa mlangoni.

Bei imeshuka, watu wakapunguzwa. Korona haijui hesabu hiyo.

Jani la mkonge hutoa nyuzi kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi. Likichelewa baada ya kukatwa linaanza kukauka, na nyuzi hazisafiki vizuri.

Aliyekuwa akitandaza majani kabla hayajaingia kaondoka. Leo yameingia mafungu mafungu, mashine ikasongwa, ikazimwa, ikachokolewa. Mara tatu. Majani mengine yanangoja juani.

Halafu beringi.

Ilikuwa inalia tangu Jumatatu. Waliobaki waliisikia, wakanyamaza. Nani aripoti ubovu wakati kila mtu anauliza orodha ya pili inatoka lini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe notisi na kushauriana kabla ya kupunguza watu. Orodha ya kushtukiza ndiyo hufunga midomo hivi.

Wa viwandani mpo? Kwenu, baada ya punguza punguza, kitu gani kiliharibika kwanza?