Kaeni Katika Nyumba Iyo Hiyo

Somo: Luka 10:1–20

Bwana asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii naielekeza kwa ndugu zetu wa timu ya misheni wanaojiandaa kwenda Japani, na kwa sisi tunaobaki, tuliochanga na tutakaoomba. Watafikia Tohoku, kaskazini-mashariki, kwenye ukanda wa pwani uliopigwa na tsunami mwaka 2011, wakiwa wageni wa kanisa dogo la huko. Nimeisoma Luka 10 nikiwawaza wao, na nimekwama kwenye mistari ambayo kwa kawaida tunaipita mbio.

Tukihubiri sura hii huwa tunashika mambo mawili: mavuno ni mengi lakini watenda kazi ni wachache, na pepo wanatutii kwa jina lako. Katikati hapo Yesu anawaambia wale wanafunzi sabini anaowatuma habari za mlango, meza na malazi. Wasichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu. Wakiingia nyumba, kwanza watoe amani. Wale kinachowekwa mbele yao. Wakae katika nyumba iyo hiyo, wasihame-hame. Wale sabini walikuwa timu ya muda mfupi kama hii yetu: walitumwa, walikwenda, walirudi wakatoa ripoti. Na Bwana hakuwatuma kama wafadhili. Aliwatoa mikono mitupu, ili chakula chao na usingizi wao viwe mikononi mwa mwenyeji.

(Kwa hiyo aliyekwisha kufunga kilo tano za sembe kwenye begi, ajipime mwenyewe mbele za Mungu.)

Jambo hili sisi tunalijua kutoka upande wa pili. Makanisa yetu mengi yamewahi kupokea timu kutoka ng'ambo. Wanakuja na fulana za rangi moja, wanapaka rangi darasa ambalo fundi wa mtaani angelimaliza kwa siku mbili, wanapiga picha na watoto, na Jumapili mkalimani anatoka jasho kutafsiri mzaha ambao haumchekeshi mtu. Tunawachinjia kuku, tunawapenda, tunawasindikiza kwa nyimbo. Wakishaondoka, akina mama wa jikoni ndio wanaojua hesabu kamili ya ugeni ule. Sisemi walikuja bure. Ila ukiuliza leo ni nani anakumbukwa kwa jina, utasikia habari za yule binti aliyeshinda jikoni akimenya viazi na kufundishwa kusonga, na za yule mzee aliyerudi tena mwaka uliofuata, akaja hapa hapa, akaulizia mgonjwa aliyemwacha. Sasa zamu ya ugeni ni yetu.

Tena tusidhani tunakwenda mahali ambapo jina la Yesu halijafika. Francis Xavier alishuka Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549 pamoja na Mjapani aliyeitwa Anjiro, mwenyeji wa mji huo huo, na jamaa za Anjiro ndio waliowapokea. Hata yeye alianzia kwenye nyumba ya mtu. Kanisa lilikua haraka, na watawala wakaingiwa na hofu. Tarehe 5 Februari 1597 Wakristo 26 walisulubiwa kwenye kilima cha Nishizaka, Nagasaki, baada ya kutembezwa kwa miguu kutoka Kyoto wakati wa baridi kali. Mdogo wao alikuwa mtoto wa miaka 12. Mwaka 1614 serikali ya ukoo wa Tokugawa ikapiga marufuku imani hii nchi nzima. Watu wakapangwa foleni kukanyaga sanamu ya Yesu au ya Mariamu ili ionekane kwamba si Wakristo. Aliyesita alijulikana.

Baadhi walijificha. Katika vijiji vya Urakami, karibu na Nagasaki, na visiwa vya Goto, bila padri hata mmoja, wazazi waliwafundisha watoto sala kwa kunong'ona. Kijiji kilikuwa na mtu wa kutunza kalenda ya sikukuu na mtu wa kubatiza, na kazi hizo zilirithiwa kizazi hata kizazi, zaidi ya miaka 200.

Tarehe 17 Machi 1865 kundi la wanakijiji wa Urakami walikwenda kwenye kanisa jipya la Oura, lililojengwa kwa ajili ya wageni wa Kifaransa. Padri Bernard Petitjean aliwafungulia mlango, akaingia, akapiga magoti kuomba. Mwanamke mmoja akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mioyo yao wote waliokuja ni moja na moyo wake. Kisha akauliza: sanamu ya Mariamu iko wapi? Najua kati yetu wapo watakaokunja uso kusikia habari ya sanamu. Vumilieni kidogo. Angalieni nani alikuwa mgeni pale na nani alikuwa mwenyeji. Padri alitoka Ufaransa kuileta imani Japani, na mama yule wa kijijini ndiye aliyemjulisha kwamba imani ilikuwa imemtangulia.

Marufuku ilikuwa haijaondolewa bado. Watu wa Urakami zaidi ya 3,000 walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa mikoani, na mamia walikufa huko kabla ya mabango ya marufuku kushushwa mwaka 1873. Waliobaki walirudi, wakajenga kanisa kubwa la matofali. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki likalipuka juu ya Urakami hiyo hiyo. Wakajenga tena.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanatuonyesha pia kwa nini leo Wakristo wa Japani ni kama mtu mmoja tu katika kila mia. Wakati wa marufuku kila kaya iliandikishwa kwenye hekalu la Kibudha, na hekalu ndilo lililotoa uthibitisho kwamba watu wa nyumba ile si Wakristo. Amri ilikufa, lakini mazoea yalibaki: makaburi ya familia nyingi yapo hekaluni, na ndani ya nyumba nyingi, hasa za wazee, ipo madhabahu ndogo yenye majina ya waliotangulia, ambako uvumba huwashwa na wali wa moto huwekwa asubuhi. Kijana akitaka kubatizwa, swali analoulizwa nyumbani si kama Yesu yupo. Anaulizwa: nani atamtunza bibi akishakufa? Sisi ambao tumewaona wazee wetu wakimwaga pombe kwa ajili ya wahenga tunapaswa kulielewa swali hili haraka kuliko wamisionari wengine wengi. Msilijibu kwa haraka hiyo hiyo.

Lipo na jingine la karibuni zaidi. Tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo walimwaga sumu ya sarin ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Mwaka 2022, baada ya waziri mkuu wa zamani Shinzo Abe kuuawa na mtu aliyelilaumu kundi moja la dini kwa kuifilisi familia yake, nchi nzima ilirudi kwenye mjadala wa dini zinazokausha fedha za familia. Kwa hiyo mtu asiyejulikana anayesimama nje ya stesheni na vipeperushi vya dini, huku akitabasamu sana, anawatia watu wasiwasi. Watampita kwa adabu bila kumtazama usoni. Kama mna vipeperushi, mkabidhini mchungaji mwenyeji, yeye ataamua.

Basi timu itafanya nini? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, iliyoacha zaidi ya watu 18,000 wakiwa wamekufa au hawajulikani walipo, jembe hilo lilikuwa koleo na toroli. Wajitoleaji, Wakristo na wasio Wakristo, waliingia katika nyumba za watu kuzoa tope lililonuka samaki na mafuta, wakaokota picha za arusi, wakazisafisha moja moja kwa maji. Miji ile ina watu ambao Mkristo wa kwanza kumfahamu kwa karibu alikuwa amevaa buti za mpira na matope hadi magotini.

Kazi ya tope iliisha zamani. Iliyobaki ni upweke. Wazee wengi walihama kutoka shule walizokimbilia hadi nyumba za muda, na kutoka nyumba za muda hadi maghorofa ya umma, na kila kuhama kulivunja ujirani uliokuwa umeanza kushika. Mlango ni wa chuma, nao umefungwa. Huko makanisa na vikundi vya kujitolea huandaa chai ya pamoja, na mara nyingine huwaosha watu miguu. Nieleze hili la miguu, maana timu huenda ikaombwa kulifanya. Mzee anakaa kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji ya moto kiasi. Wewe unakaa chini mbele yake, unamkanda mikono taratibu, kiganja, kisha kidole kimoja kimoja. Dakika kumi hivi. Huulizi maswali. Maji yakianza kupoa unaongeza ya moto. Mara nyingi mzee ananyamaza kwanza, kisha analalamikia goti, kisha anataja bei ya mboga, na ghafla anakwambia maji yalifika wapi siku ile na ni nani alimwachia mkono. Baada ya hapo wajitoleaji huandika yale waliyosikia na kuwafikishia wanaohudumia wakazi. Anayewaongoza asiposema waombeeni kwa sauti, msiombe kwa sauti. Yohana 13 haisemi kwamba Bwana alihubiri huku ameshika beseni. Mahubiri yalikuja alipokwisha kuketi tena.

Mtaombwa kuimba pia. Makanisa mengi ya Japani yana kwaya za nyimbo za injili zinazokutana katikati ya wiki, na wengi wa waimbaji hawajabatizwa. Wamevutwa na muziki. Nendeni mkakae katikati yao, kwenye sauti zao, chini ya kiongozi wao, hata kama mnaona mngeliongoza vizuri zaidi. Na muda ni muda. Ibada ya saa nne na nusu inaanza saa nne na nusu, kinanda kinakuwa kimeshaanza kabla yake, na atakayeingia saa tano kasoro robo atakuwa ameshuhudia jambo fulani kutuhusu sisi sote. Sharika nyingi hazifiki hata watu 30. Baada ya ibada watawapa wali na mchuzi wa kari, au samaki mbichi wa pwani yao, na mstari wa nane mnaujua.

Kuna mtu mmoja ningependa mwende naye mawazoni. Toyohiko Kagawa alikuwa mwanafunzi wa theolojia mwenye miaka 21 alipohamia mtaa wa mabanda wa Shinkawa, Kobe, mkesha wa Krismasi mwaka 1909. Alikodi chumba, akawalaza humo wagonjwa na walevi, akaambukizwa trakoma ambayo ilimsumbua macho maisha yake yote. Kazi alizofanya baadaye, vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, zilianzia kwenye chumba kile. Hatuwezi kuidai timu ya siku chache iishi hivyo. Lakini kanisa letu linaweza kuamua jambo moja: tukienda tena Japani, twende kwa kanisa lile lile. Sio Osaka mwakani na Hokkaido mwaka unaofuata ili ramani yetu ya misheni ijae vialama. Agizo la kutohama-hama liliwafunga wale sabini, waliokuwa wa muda mfupi kama sisi.

Na kabla hatujajiona tumeanza sisi kuwatembelea: mwaka 1960 Wakristo wa Japani waliunda shirika la JOCS ili kupeleka watumishi wa afya katika nchi nyingine. Sehemu ya fedha zake imetokana na stempu zilizokwisha kutumika, ambazo waumini wanakata kwenye bahasha, wanakusanya, na zinauzwa. Watumishi wake walifika mpaka Tabora wakafanya kazi katika huduma za afya za Jimbo Kuu la Katoliki. Kanisa dogo kiasi kile, kwa stempu kuukuu, lilishafika kwetu. Timu ikipata nafasi ya kushukuru madhabahuni, ianzie hapo.

Imebaki ripoti. Fomu yetu ya misheni ina mstari wa "Waliookoka", na nukta za kujazia idadi. Japani mtu anaweza kuhudhuria ibada miaka mingi kabla hajabatizwa, na mtu anayekubali kila unalosema huenda anakuheshimu tu kama mgeni. Mstari huo uachwe wazi, na mzee wa kanisa asiwaulize mara mbili. Wale sabini walirudi na matokeo makubwa kuliko yote tutakayoyapata, na Bwana akawaambia, "msifurahi kwa vile pepo wanavyowatii, bali furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni." Ninachoomba mimi kwenye ripoti ni kujua nani aliwakaribisha, tumwombee nini, na ni nani kati yenu atakayemwandikia barua mwezi Desemba.

Tuombe.

Baba, tunawaombea wachungaji wa Tohoku, hasa wale wazee wanaohudumia sharika mbili na tatu bila msaidizi. Uwatunze wanaoishi peke yao, na wale ambao ndugu zao hawakupatikana baharini. Uwape vijana wanaotaka ubatizo hekima ya kusema na wazazi wao, na wazazi uwape masikio. Timu yetu uipe afya, ulimi mfupi na tumbo lisilochagua. Wenyeji wao uwalipe wewe, maana sisi hatuna cha kuwalipa. Katika jina la Yesu. Amina.