Siku moja maishani mwangu: fundi pancha wa Cotswolds

Saa 11 na nusu alfajiri
Alamu inalia nje bado giza, Septemba hii jua limeshaanza kuvuta miguu. Nachemsha chai yangu ya kweli, maziwa humo humo na tangawizi ya kutwanga, maana naijua siku itakavyokuwa, mpaka jioni nitapewa chai ya maji moto na tone la maziwa baridi kama mara nne na mara zote nne nitasema asante.

Ndugu zangu Tabora wanajua niko London nafungua makabrasha ofisini. Hapana bana. Niko Moreton-in-Marsh, kamji kadogo ambako treni ya kutoka London inasimama, na kazi yangu ni kutembeza wageni kwa baiskeli kwenye vijiji vya Cotswolds, eneo la mashamba na vilima hapa Uingereza. Wao wanaendesha taratibu wanapiga picha, mabegi yao yanatangulia na gari, mi nakaa nyuma na pochi ya spana.

Saa 1 asubuhi
Stoo. Baiskeli saba, naangalia upepo, breki, cheni, boliti za keria, halafu napitisha kidole tairi nzima, ndani na nje. Mwezi huu hapo siharakishi. Wakulima wa huku hawaruhusiwi kukata michongoma ya kando ya mashamba kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 31 Agosti kwa ajili ya ndege wanaotaga, kwa hiyo Septemba ikiingia ni kama wamefunguliwa geti, trekta zinapita na mashine ya kusaga matawi, miiba inamwagika barabarani kama mtu kapanda mbegu. Watu wanadhani adui wa baiskeli ni kilima, kumbe kilima unashuka unasukuma na maisha yanaendelea.

Saa 3 asubuhi
Wageni wamefika, sita. Mzee wa Canada na mkewe, mzee kachukua baiskeli ya betri na anataka kila mtu aelewe kwamba ni kwa sababu ya goti. Madada wawili wa Uholanzi wanaojua kuendesha kuliko mimi ila kwao hakuna kilima hata kimoja cha maana. Na baba mmoja wa Manchester na binti yake. Nawaambia kushoto, kushoto, kushoto, maana Canada na Uholanzi ni kulia. Mi hilo halinisumbui, mtoto wa Tanzania.

Barabara kubwa ya hapa ni Fosse Way, wameichora Warumi, imenyooka kama rula, na kwenda Stow-on-the-Wold kwa hiyo barabara ni kama kilomita 7 tu. Ila imejaa malori. Kwa hiyo sisi tunajipinda pinda kwenye vijia vya nyuma vyenye majani yanaota katikati ya lami, na mzunguko mzima unakuwa kilomita 55 mpaka 60, inategemea mmepotea mara ngapi.

Saa 4 asubuhi
Kupanda Longborough. Madada wa Uholanzi kimya kabisa, nyuso nyekundu. Nikawaambia gia ndogo na msione aibu. Mbele kukatokea mama kapanda farasi, hapo hupigi kengele, farasi anashtuka anamtupa mtu, unasema good morning kwa sauti kutoka mbali, unapunguza mwendo, unapita kwa mbali. Tatizo lingine ni fezanti, ndege mkubwa kama jogoo na hana akili hata ya kuku, wamefunguliwa kwa ajili ya msimu wa kuwinda unaoanza tarehe 1 Oktoba. Badala ya kukimbilia shambani anakimbia mbele ya tairi lako mita 50 nzima kama anashindana na wewe.

Saa 5 asubuhi
Lower Slaughter, halafu Upper Slaughter. Binti wa Manchester akauliza eti walichinjana hapa, nikamwambia hapana, jina ni la Kiingereza cha zamani, maana yake sehemu ya matope. Nyumba zote ni zile za mawe ya rangi ya asali, kuta za mashamba ni mawe yamepangwa tu bila saruji na zinasimama miaka na miaka.

Upper Slaughter hawana mnara wa wafu wa vita kama vijiji vingine, kwa sababu waliotoka hapo kwenda vita vya kwanza na vya pili walirudi wote. Wote! Wageni huwa wanafurahi nikiwaambia. Mi huwa namkumbuka kaka yake babu aliyeenda vitani Burma na KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, yule mpaka leo tunamsubiri. Hilo siwaambii, wamekuja likizo.

Saa 6 mchana
Kabla ya Naunton, ikaanza. Pssss. Nyuma ya mke wa mzee. Nashuka, nageuka, binti wa Manchester naye tairi la mbele limekaa chini. Nikaangalia langu, mwiba umesimama wima kama msumari. Pancha tatu ndani ya mita mia, na mtandao wa simu hakuna kwa sababu tuko bondeni, gari la mizigo halipatikani, na tyubu za akiba ninazo mbili.

Mbili nikabadilisha pale pale. Langu nikasukuma mpaka kijijini, maana tundu halikuonekana. Sasa kwetu fundi ana karai la maji, unazamisha tyubu unaangalia mapovu. Naunton karai hakuna ila kuna mto, maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, mto Windrush. Nikachuchumaa ukingoni nikazamisha tyubu, kipande kwa kipande, bata wananiangalia, mpaka vikatoka vipovu vidogo vimepangana mstari. Nikafuta, msasa, gundi, nikapuliza, nikabandika kiraka na kukikandamiza kwa dole gumba huku nahesabu moja mpaka sitini. Hivyo hivyo babu alinifundisha kwenye Raleigh yake, ile yenye beji ya kichwa cha ndege mbele na maandishi Nottingham England, kumbe miaka yote hiyo alikuwa ananifundisha kazi ya huku.

Baba wa Manchester yeye alikuwa anaangalia mto. Akaniuliza, ndo huu? Nikamwambia ndo huu. Ile meli Empire Windrush iliyowaleta watu wa Karibiani mwaka 1948 ilipewa jina la huu mto, na wazee wake yeye ni wa Jamaika. Akakaa kimya, akachota maji kwa kiganja, akanawa uso. Binti yake akampiga picha. Tulikaa pale karibu nusu saa na hakuna aliyelalamika ratiba.

Saa 8 mchana
Guiting Power, supu na mkate. Chai namba tatu.

Saa 10 jioni
Snowshill, halafu kilima kibaya cha kuelekea Broadway Tower, betri ya mzee ikabaki kistari kimoja na goti likasahaulika, akasukuma kama sisi wengine. Baada ya hapo ni mteremko mpaka Chipping Campden. Tukaegesha kwenye lile soko la mawe la mwaka 1627, lililojengwa ili wauza jibini, siagi na kuku wasinyeshewe, sakafu imelika mpaka ukitembea na viatu vya baiskeli unateleza. Skonsi, jamu, krimu. Wakabishana kipi kinapakwa kwanza, Waingereza hili wana imani zao, mi nakula tu.

Saa 12 na nusu jioni
Moreton. Wageni wameenda kuoga. Ofisi inanilipa mpaka saa 11, kwa hiyo kuosha baiskeli saba zenye matope ya trekta ni sadaka yangu kwa kampuni. Zile tyubu mbili nikaziziba nikazining'iniza kwenye msumari zikauke.

Nikampigia mama, kwao ni usiku tayari.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Umekula?"
"Nimekula. Leo nimeziba pancha tatu."
Akacheka mpaka akakohoa. "Yaani tumeuza ng'ombe ukazibe pancha Ulaya?"
Nikamwambia kesho ni Adlestrop na Kingham, hakuna vilima. Akasema haya, ubebe tyubu nne.