Gauni lililokuwa lanipanda mbele, nimepata dawa yake

Mashoga zangu, tangu nijifungue wa pili kila gauni lapanda mbele, nyuma lapwaya. Nikavaa madera mapana nikapotea ndani, nikavaa nyeusi tupu uso ukapauka, saizi kubwa nayo mabega yakaanguka. Mwisho nikanunua kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kule Biashara Street, nikampelekea fundi, akanipima mabega kwanza, kiuno akakipandisha hadi chini ya matiti, halafu, na hapa ndipo penyewe, pindo la mbele akaliacha refu kuliko la nyuma kwa inchi 2 manake tumbo hula kitambaa. Juu nikajitanda mtandio wa manjano ya bizari, karibu na uso, na uso wang'aa wallahi. Jana harusini sikuvuta nguo hata mara moja.