Kumbukumbu ya mradi wangu: kuufuata moshi kwa picha za setilaiti

Wiki ya 1

Sikutaka kuanza na moto unaowaka leo. Nimechagua siku ambayo jibu lake linajulikana: 7 Juni 2023, moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua Quebec, Kanada, ulipolifanya anga la New York liwe rangi ya chungwa. Setilaiti ya GOES-16 ilikuwa ikiupiga picha upande wake wote wa dunia kila dakika 10, na mafaili yanapatikana bure.

Majina ya mafaili hayana mwezi, yana namba ya siku ya mwaka. 7 Juni ni 158. Hilo nililing'amua mapema. Kilichoniangusha ni saa. Nilitaka picha ya saa kumi na mbili asubuhi, nikaandika 06, nikasubiri mafaili yashuke, nikafungua giza tupu. Setilaiti inahesabu kwa UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, na kwa UTC asubuhi ile ya New York ni 10.

Wiki ya 2

Kamera ya GOES-16 ina chaneli 16, kila moja ikinasa aina yake ya mwanga, na hakuna hata moja ya kijani! Kijani unaipika mwenyewe: asilimia 45 nyekundu, asilimia 45 buluu, na asilimia 10 ya chaneli ya 3, ile inayong'arisha mimea. Picha yangu ya kwanza ilitoka nyeusi kama masizi. Nilipochukua kipeuo cha pili cha thamani ya kila pikseli (nukta ya picha), moshi ukajitokeza, wa kahawia, ukiteremka kusini. Usiku huo sikufanya kazi nyingine, nilikaa naurudisha nyuma na kuuangalia tena.

Wiki ya 3 na ya 4

Sasa kompyuta iutambue moshi bila macho yangu. Chembe za moshi ni ndogo, nyingi hazifiki mikromita 1 (elfu moja ya milimita), kwa hiyo hutawanya sana mwanga wa buluu, lakini mawimbi ya mwanga yenye urefu wa mikromita 2.2 hupenya karibu yote. Wingu la matone ya maji hung'aa kwenye zote mbili. Basi kinachong'aa kwenye buluu na kutoweka kwenye 2.2, nikakiita moshi.

Furaha haikudumu. Mawingu membamba ya barafu nayo hufifia kwenye 2.2, na programu ikayapaka rangi ya moshi kote. Dawa ni chaneli ya 4, karibu mikromita 1.38: mvuke wa maji huumeza mwanga huo kabla haujafika chini, kwa hiyo kinachong'aa humo kiko juu sana. Nimezitupa pikseli hizo. Najua moshi uliorushwa juu sana na moto mkali utatupwa pamoja nazo. Kwa tukio hili nimekubali hasara.

Kisha grafu ikadai moshi unaongezeka alfajiri, unapungua mchana, unarudi jioni. Moshi hauna ratiba ya ofisi. Kumbe chembe zake husukuma mwanga mbele zaidi kuliko nyuma, na jua likiwa chini mwanga huo unaelekea kwenye kamera. Sasa nalinganisha saa ileile tu, siku kwa siku.

Wiki ya 5

Picha hainiambii moshi uko kwenye kimo cha pua za watu au kilomita 3 juu yao. Nimepakua vipimo vya PM2.5 (chembe ndogo za hewani zisizozidi mikromita 2.5) vya ardhini vya siku zilezile ili nivilaze juu ya ramani. Safu ya kwanza ya saa ni saa ya mahali, na haifuati saa za kiangazi. Ili kupata UTC nimeongeza 5, si 4.