Nilivyoifanya rangi ya spinachi ishike kwenye seli ya jua

Nimechoka kusikia kwamba seli ya jua ya rangi, ile ambayo rangi hunasa mwanga na kutoa elektroni za umeme, ni kusaga majani, kuchovya kioo na kupima. Ushauri huo nilipewa na watu wenye shahada zao, nikaufuata neno kwa neno, ukanilia wiki kadhaa na vipande vya kioo kinachopitisha umeme. Kioo hicho hapa Nairobi huendi dukani ukakipata: unaagiza nje, unalipa ushuru, unasubiri.

Spinachi nilinunua soko la Marikiti alfajiri, mafungu mengi mpaka mama mboga akaniuliza, "Mwanangu, kuna harusi?" Nikayakausha majani kivulini, nikasaga, nikaloweka kwenye ethanoli. Rangi ikatoka nzito, ya kupendeza. Kioo kilishapakwa titani dioksidi, unga mweupe unaopokea elektroni kutoka kwenye rangi, na kuchomwa kwa nyuzi 450. Nikakilaza humo usiku kucha. Asubuhi kilikuwa kijani. Nikakisuuza kwa ethanoli kidogo tu, na rangi yote ikateremka nayo, utando ukabaki mweupe pe. Nikajaribu mchicha, nikaongeza makali ya rangi, nikapasha moto. Ikawa yale yale, na washauri wangu bado wakisema, "Ongeza majani."

Majani hayakuwa na neno. Klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya majani, ni ndugu wa molekuli ziitwazo porfirini: pete kubwa iliyoundwa na pete ndogo nne (piroli), katikati imeshika magnesi pale ambapo hemu ya damu yetu imeshika chuma. Ila klorofili ina mkia mrefu wa mafuta, fitoli, na vikundi vyake vya asidi, ambavyo ndivyo vingeshika, vimefungwa (vimekuwa esta). Haina cha kushikia titani, na isiposhika, elektroni iliyoamshwa na mwanga haina pa kupitia. Porfirini iliyowezesha seli kugeuza asilimia 13 ya mwanga kuwa umeme kule Lausanne, Uswisi, mwaka 2014 iliundwa kwa makusudi ikiwa na kikundi cha asidi (kaboksili) cha kushikia.

Basi nikaukata mkia. Niliichanganya rangi na potasiamu hidroksidi iliyoyeyushwa kwenye methanoli, nikaiacha vuguvugu, chupa imefungwa foili kwa sababu mwanga huila rangi hii upesi. Kisha nikamimina kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na maji na heksani, kiyeyushi kinachopenda mafuta na kisichochanganyika na maji, na hapo ndipo raha yangu ilipo. Klorofili yenye mkia hupanda juu kwenye heksani. Safari hii kijani kilishuka chote chini kwenye maji, na juu ikabaki njano angavu ya karotenoidi, rangi nyingine za majani, mpaka wa tabaka mbili umenyooka. Huhitaji mashine ya mamilioni kujua kwamba mkia umekatika. Tena uchafu wa njano umejitenga wenyewe, bure.

Ukitia asidi, magnesi hutoka na rangi hugeuka kama sukuma wiki iliyopikwa kupita kiasi; pale katikati hubaki wazi kwa metali nyingine. Hapo wote waliniambia, "Weka shaba," kwa kuwa rangi za kijani za vyakula hutengenezwa hivyo. Kwa chakula sawa, shaba huidumisha rangi. Kwa seli, hapana. Nilichukua kitochi cha kukagulia noti bandia, cha bei ndogo tu pale mtaa wa Luthuli, nikamulika chupa mbili gizani. Isiyo na shaba iliwaka nyekundu; yenye shaba ilikuwa giza tupu. Wekundu ule ni dalili kwamba molekuli huishika nishati ya mwanga kwa muda kabla ya kuiachia. Shaba huizima upesi mno, na elektroni nyingi hazipati nafasi ya kuvuka kuingia kwenye titani.

Nikaweka asetati ya zinki kwenye methanoli, moto wa wastani. Kijani kikarudi, na chini ya kitochi wekundu ukabaki. Tahadhari na asidi baada ya hapo, maana zinki nayo hung'oka kirahisi.

Kioo kilicholala kwenye rangi yenye zinki niliposuuza, ethanoli ilitoka safi na utando ukabaki kijani. Kioo cha pili nilikisugua penseli, katikati nikadondosha iodini na iodidi ya potasiamu, nikabana kwa klipu za karatasi, nikapanda nacho juu ya paa saa sita mchana. Multimeta ikapita volti 0.4. Mkondo ni mdogo bado, lakini seli zangu za mwanzo hazikuwa na wa kusoma.

Kinachonisumbua sasa ni maji ya iodini kukauka pembeni. Klipu haziwezi kuyazuia, kwa hiyo kioo kijacho nitakiziba kingo kwa plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa joto.