Kuiandaa CBR600RR kwa safari ndefu: kumbukumbu ya mradi wangu

Kilomita 38,410

Pikipiki yangu ni Honda CBR600RR ya mwaka 2005, yenye injini ya ujazo wa cc 599 na mkao ambao kwa mtu wa kimo changu hufurahisha kwa dakika arobaini hivi. Baada ya hapo viganja huanza kufa ganzi, shingo hufuata, kisha magoti, na kufikia saa ya pili siwazi tena barabara bali nawaza pa kusimama. Nimeshauriwa mara nyingi niiuze ninunue pikipiki iliyoundwa kwa safari, na ushauri huo hauna kasoro yoyote isipokuwa kwamba hii ndiyo ninayoipenda. Lengo nililojiwekea ni kuendesha kilomita 600 kwa siku moja na kuamka kesho yake nikiwa na hamu ya kupanda tena. Sishindani na wale wanaotafuta cheti cha SaddleSore 1000 cha Iron Butt Association ya Marekani, ambao humaliza maili 1,000, yaani takribani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Jina la chama hicho, ambalo kwa lugha yetu ni sawa na kusema makalio ya chuma, halifichi gharama ya cheti hicho.

Kabla ya kushika spana nilifanya jaribio dogo. Niliisimamisha pikipiki kwa stendi ya nyuma, nikapanda, nikakaa kama ninavyokaa barabarani, kisha nikaondoa mikono kwenye usukani bila kuunyoosha mgongo. Kifua kilianguka juu ya tangi papo hapo. Maana yake ni kwamba viganja vyangu ndivyo vilivyokuwa vikiubeba mwili wa juu, na siti niliyoilaumu miaka yote ilikuwa na sehemu ndogo tu ya lawama.

Jambo hili linaeleweka zaidi ukikumbuka upepo. Nguvu ya upepo unaopiga kifua hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, nguvu hiyo huwa mara nne. Mkao wa kuinama umekusudiwa mwendo wa mashindano, ambapo upepo humwegemeza dereva na kuipunguzia mikono mzigo. Katika mwendo halali wa barabara kuu msaada huo ni mdogo, na katika foleni haupo kabisa, hivyo viganja hubaki peke yake.

Kilomita 38,690

Nilianza na usukani. Katika pikipiki hii mikono ya usukani ni vipande viwili vinavyobanwa kwenye shokapu za mbele, chini ya bamba la juu, na mimi nilinunua vipande vinavyopanda juu ya bamba hilo kwa milimita 50 na kurudi nyuma kidogo. Nikiwa nimekaa, tofauti ilikuwa ya kushangaza. Nilifunga kila kitu, nikawasha injini palepale gereji, nikaukata usukani wote kushoto, na mshale wa mizunguko ukapanda wenyewe hadi 3,000 ilhali kiganja changu hakijagusa mshiko wa mafuta. Waya wa mafuta ulikuwa mfupi kwa kimo kipya, kwa hiyo usukani ulipokatwa ulijivuta na kuifungulia injini. Paipu ya breki ya mbele nayo ilikuwa imekaza kama uzi wa kuanikia nguo.

Ningeingia barabarani bila kufanya jaribio hilo, ningeligundua tatizo nikiwa nageuza mahali pembamba, pikipiki ikanirukia mbele. Niliushusha usukani hadi milimita 30, nikapitisha waya upya nyuma ya fremu, nikaweka paipu ndefu zaidi ya breki na kutoa hewa yote kwenye mfumo. Sasa naukata kushoto na kulia mara kumi kila ninapomaliza kazi yoyote ya mbele, injini ikiwa inanguruma, na mshale hautikisiki.

Kilomita 39,150

Siti ilinichukua wiki tatu, na wiki ya kwanza niliipoteza kwa kuamini kwamba sponji laini ndiyo starehe. Sponji laini hupendeza ukiikalia dukani, lakini baada ya saa moja huwa imebonyea yote, na mifupa miwili ya makalio hukutana na plastiki ya chini. Kinachofaa ni sponji ngumu kiasi na pana, ili uzito usambae hadi kwenye mapaja badala ya kukusanyika mahali pamoja. Siti ya awali ilikuwa nyembamba, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba iliteremka kuelekea tangi, kwa hiyo kila nilipokamata breki niliteleza mbele na uzito ukarudi kwenye viganja. Nilivua ngozi, nikakata sponji kwa kisu cha mkate (hakuna kisu kingine kinachoikata vizuri hivyo), nikaipandisha sehemu ya mbele na kupanua ile ya nyuma, kisha nikaisawazisha kwa msasa hadi mkono upite juu yake bila kuhisi ukingo.

Pembeni mwa tangi nilibandika raba zenye vinundu ili mapaja yapate kushika. Hiki ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua, na ndicho ambacho nisingekubali kukitoa. Vikanyagio nilivishusha milimita 20 tu, kwa sababu kila milimita inayopatikana kwa ajili ya magoti hupunguza nafasi ya kuiinamisha pikipiki kwenye kona.

Kilomita 39,740

Mizigo ilinifundisha adabu. Nilikuwa nimenunua begi la tangi lenye sumaku, nikaliweka mahali pake, nalo likateleza hadi miguuni mwangu. Kumbe sehemu ya mbele ya kile kinachoonekana kuwa tangi la CBR600RR ni kifuniko cha plastiki kilicho juu ya kichujio cha hewa, na tangi lenyewe la chuma, linalobeba lita 18, limerudishwa nyuma na chini ili uzito ukae katikati. Nililibadilisha kwa begi la kufungwa kwa mikanda.

Kosa la pili ni langu kabisa. Ekzosi ya pikipiki hii inapita chini ya siti na kutokea mkiani, jambo ambalo nalijua vizuri, na bado niliuacha ncha ya mkanda wa begi la nyuma ikining'inia. Baada ya kilomita 80 nilisimama nikaona nyuzi zimeyeyuka na kuganda kama nta iliyomwagika. Tangu siku hiyo nimeweka karatasi ya kuzuia joto chini ya begi, na kila ncha ya mkanda naikunja na kuifunga.

Mzigo wa nyuma pia huishusha pikipiki mkiani, usukani ukawa mwepesi na taa ikawamulika wanaokuja. Nilifunga kamba ya plastiki kwenye nguzo ya shokapu ya mbele ili nipime inazama kiasi gani nikipanda, na kwa nyuma nilipima kwa futi kutoka ekseli hadi mkiani, kisha nikaikaza springi ya nyuma hadi pikipiki yenye begi ikae kama inavyokaa bila begi. Upepo wa tairi nimeuacha kwenye psi 36 mbele na 42 nyuma, nikiupima asubuhi tairi zikiwa baridi. Tairi zenyewe ni za safari, zenye raba ngumu katikati, kwa maana zile laini za mashindano huliwa bapa haraka kwenye barabara iliyonyooka.

Kilomita 39,900

Sproketi ya nyuma, yaani gurudumu la meno linalozungushwa na mnyororo, imetoka meno 42 ikawa 40, ya mbele imebaki na 16. Kwa mwendo uleule injini inazunguka pungufu kwa karibu asilimia 5, na mtetemo uliokuwa ukiyachosha mabega umesogea nje ya mwendo ninaoutumia zaidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba kihisi cha mwendo husoma mzunguko wa gia, hakisomi gurudumu, kwa hiyo kuanzia hapa kilomita ninazoandika ni pungufu kuliko za barabarani.

Kilomita 40,236

Kioo kirefu nilichokifunga mwezi uliopita nimekitoa. Kilizuia upepo kifuani, ambapo niliuhitaji, na kuurusha ukiwa umevurugika hadi kwenye kofia, kichwa kikawa kinatikisika kama cha mtu anayekataa jambo. Kioo cha awali huupitisha upepo safi mabegani, na kelele naimaliza kwa vizibo vya masikio.

Kesho naondoka saa kumi na moja alfajiri. Nitasimama kila baada ya kilomita 150, hata kama mwili haujalalamika.

Kilomita 40,807

Nimerudi. Goti la kushoto limekaza, viganja vina hisia zote, na shingo iko salama. Dashibodi imehesabu kilomita 571, na ukizidisha kwa 42 kisha ukagawanya kwa 40, unapata 600 kasoro hatua chache za kuingia gereji.