Siku tano za kuijenga Android chumbani

Hatimaye! Saa kumi alfajiri mashine imenitolea mstari wa kijani: ujenzi umefanikiwa. Nimepiga kelele mpaka mama akaja kugonga mlango, akidhani nimevamiwa.

Nilitaka tu kuijenga Android mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake wa wazi, yaani kuugeuza msimbo uwe mfumo wa simu unaowaka. Maelekezo ya Google yanataka nafasi ya GB 400 kwenye diski na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 64. Mimi nina RAM ya 16, na diski nimeazima kwa binamu. Basi nikaweka Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux wa kuendeshea kompyuta, nikaandika repo sync, amri ya kuvuta msimbo wote, nikalala. Asubuhi nakuta bando limekata! Afadhali repo ukiirudia haianzi moja. Miradi, yaani mafungu ya msimbo, iliyokwisha kushuka inaiacha, inavuta iliyobaki.

Siku ya tatu msimbo wote ukawa ndani. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza. Nilipoandika m, amri ya kuanza ujenzi, feni ikavuma kama jenereta, kipanya kikaganda, kisha kila kitu kikakatika. Linux ikiishiwa RAM huchagua programu ya kuiua, na hapo mlaji mkubwa alikuwa ujenzi wangu. Mara ya pili, yaleyale. Nikatenga kwenye diski GB 32 za swap, nafasi ya kuisaidia RAM ikijaa, nikaandika m -j2, yaani ifanye kazi mbilimbili tu. Ilitambaa kama konokono, lakini ikafika.

Sasa Android yangu iko kwenye emuleta, simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Mpaka sasa nimebadilisha kitu kimoja tu: kwenye mipangilio, palipoandikwa "Kuhusu simu" sasa pameandikwa "Simu ya Mama".